Mashine Iliyoacha Kuuliza Baba

Mniwie radhi. Mimi nikisimulia hadithi ya kutisha, watu hucheka mpaka maiti mwenyewe anaomba heshima kidogo. Hii nayo nitaiharibu.

Likasi, mwaka 1994. Umeme ulikatika, na Casimir, fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya Shituru iliyogawa unga kwa watoto wa wafanyakazi, akapoteza majina yao yote. Alikuwa na nakala kwenye disketi. Ili kuyarudisha upesi, aliiamuru mashine isimamishe kwa muda swali lake la kila mara: "Baba wa mtoto huyu ni nani?" Majina yakaingia mbiombio. Akaenda kula bukari, ugali wa kwao. Swali hakulirudisha.

Aliporudi, ofisi ilinuka udongo mbichi. Printa ikaamka yenyewe, kiii, kiii, ikatoa mstari wa mtoto asiye na jina wala baba. Nyuma ya printa sauti ndogo ya mtoto ikamwita baba: "Papa."

Casimir alijua mara moja ni wapi alipoacha mlango wazi: ni lile swali. Lakini Ambroise, mkuu wa kazi, alipoingia, Casimir kwa aibu akamnyooshea kidole Georgette, mfagiaji aliyekuwa mlangoni, ambaye alikuwa ametoka kumzika mwanawe.

"Ni huyu mama. Mutoto yake njo inamufuata."

"Minye?" Georgette akanong'ona, akijigusa kifua. "Papa Casimir, mutoto yangu anapumuzika. Usimuchezee."

"Mama, ukitoka leo usirudi tena hapa," akasema Ambroise. Kisha akamwita Mama Gertrude, mwombezi.

Gertrude akakemea, na kadiri alivyokemea ndivyo harufu ilivyozidi, na mapazia yakavimba bila upepo, na ile sauti ikatoka nyuma ya printa, ikatambaa chini ya meza, ikampita Ambroise, ikampita Georgette bila hata kusimama, mpaka ikapanda magotini pa Casimir, baridi kama bati la asubuhi.

"Nani njo alifungula mulango?" akauliza Gertrude.

Casimir akaigeukia mashine. Akalirudisha swali. Harufu ikakatika.

"Imefungwa," akasema.

"Asante, papa," sauti ikajibu palepale magotini. "Sasa hakuna mwingine ataingia. Tutabaki sisi wawili."

Georgette alimtazama Casimir. "Inaita nani?"

"Minye, mama. Nilikusingizia. Rudia kazi yako. Batoto bote ba hapa beko na baba. Huyu njo alipata baba mubaya kuliko bote."