Kijiko cha Mama Yake Roscoe

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta Delmar, jirani yangu hapa Arkansas, mtu asiyejua kudanganya hata kuhusu ukubwa wa samaki.

Yeye na Roscoe walikula kiapo: kwenye ule mwamba uliozama bwawani, wenye samaki wanene aina ya besi, hakuna atakayevua bila mwenzake. Roscoe alipofariki Februari, Delmar alimtilia jenezani, mfukoni mwa shati, chambo bandia cha Roscoe chenye bati linalozunguka majini. Bati hilo Roscoe alilifua mwenyewe kutoka kijiko cha mamaye chenye nakshi ya maua.

Aprili, alfajiri yenye ukungu mzito, Delmar akaenda peke yake. Akasikia bati likigonga mwamba, tik, tik. Halafu kicheko anachokijua.

"Roscoe, mshenzi we!" akafoka. "Si uliapa hutakuja bila mimi?"

Delmar akatupa chambo chake, besi akanasa. Alipomtoa majini, mdomoni mlikuwa na chambo kingine, na bati lake lilikuwa na maua ya kile kijiko.

Mshipi wa chambo hicho ulikuwa bado mzima, umetokomea ukunguni. Kisha ukakaza, na kule upande wa pili mtu akaanza kuuvuta, polepole.