Mauzo Yamepanda, Faida Iko Wapi?

Kaka yangu na mimi tuna duka dogo la simu. Yeye anauza simu mpya kwenye kabati la kioo. Mimi ni fundi. Meza yangu iko karibu na mlango, imejaa bisibisi, koleo ndogo na simu zilizopasuka vioo. Faida tunagawana nusu kwa nusu. Tunaelewana sana, ila kaka ana ugonjwa mmoja: akisoma kichwa cha habari, haendelei chini.

Jumatatu moja aliingia na gazeti mkononi, meno yote nje.

"Dada, soma! Kampuni inayotuletea simu, mauzo yake yamepanda kwa asilimia thelathini! Wenzetu wanauza simu, wanatajirika. Sisi tunahangaika na bisibisi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo meza yako inaondoka. Naweka kabati la pili. Wewe utanisaidia kuuza."

Nilidhani anatania. Mchana seremala akaja na futi kamba, akaanza kupima mahali pangu. Weee! Ufundi ule niliusomea miaka miwili, na hakuna kazi ninayoipenda kama hiyo.

Bahati nzuri, jirani yetu alikuwa amekuja kuchukua simu yake. Ni mhasibu mstaafu, mama asiyeona haya kuuliza.

"Mwanangu, hilo gazeti umelisoma lote?"

"Nimesoma panaponihusu, mama," kaka alijibu.

"Haya, lete." Akavaa miwani. "Kwanza, mauzo yamepanda kuliko lini? Kuliko mwaka jana. Na mwaka jana kiwanda chao kilisimama miezi mitatu kwa kukosa vipuri. Ukilinganisha na mwaka mbaya, hata mwaka wa kawaida utaonekana mzuri. Ukilinganisha na mwaka juzi, wamepanda kidogo tu."

Kaka akakuna kichwa.

"Pili, mauzo si faida. Mauzo ni fedha zote zilizoingia. Faida ni kile kinachobaki ukishalipa gharama. Ona hapa: wakiuza simu za shilingi mia, wanabakiwa na nane. Wakiuza huduma za shilingi mia, kama matengenezo na kuwahifadhia watu picha zao mtandaoni, wanabakiwa na arobaini. Faida yao kubwa inatoka huko."

"Mbona hawakuandika hivyo kwa herufi kubwa?" kaka alilalamika.

"Wameandika ukurasa wa pili, baba. Wewe uliishia wa kwanza."

Seremala alicheka mpaka futi ikamponyoka.

"Basi tuache kuuza simu?" kaka aliuliza.

"La! Anayenunua simu leo ndiye atakayeileta ikipasuka. Simu zinawavuta wateja, huduma inabakiza faida. Sasa fungueni daftari lenu. Mali bila daftari huisha bila habari."

Tulifungua. Mwezi uliopita simu zilileta robo tatu ya mauzo. Lakini tulipotoa bei tuliyozinunulia, tukakuta faida kubwa imetoka kwenye meza yangu.

"Kumbe!" kaka alisema. Akamgeukia seremala. "Fundi, acha kabati. Tutengenezee meza ndefu, ya kukaa watu wawili."

"Huyo wa pili ni nani?" nilimwuliza.

"Mimi. Utanifundisha."

Mwezi uliofuata tuliuza simu chache kuliko kawaida, lakini kilichobaki kilizidi cha mwezi wowote mwaka ule. Kaka alihesabu mara mbili.

"Nisamehe, dada," alisema. "Nusura nitupe chungu nibaki na mfuniko."

Nilifurahi hadi machozi yakanilengalenga. Nilitaka kumjibu kwa maneno matamu, lakini mteja alikuwa anasubiri.

"Yamekwisha, kaka," nilimwambia. "Shika taa hapa, na mkono usitetemeke."