Daftari la Mugi

Kila asubuhi ya likizo ya kiangazi, watoto wa mtaa wetu hukusanyika uwanjani kufanya mazoezi ya viungo yanayoongozwa na redio, kisha kadi zetu za mahudhurio hupigwa muhuri. Nikitoka hapo humtembeza Mugi, mbwa wa marehemu Babu. Tangu Babu afariki mwezi wa tatu, nilikuwa nafanya kila kitu bila furaha wala huzuni. Aliyeniuliza hali nilimjibu, "Vizuri tu."

Mugi alikuwa mzee, na nyonga yake ilikuwa imelika. Ubavuni alikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai. Mwezi wa sita Daktari Kuwabara aliutoa, akaupima, akakuta ni mafuta matupu, si saratani. Hata hivyo hakuutupa.

"Ndani ya mafuta haya mna seli shina," alitueleza mimi na Bibi. "Ni seli ambazo zinaweza kugeuka kuwa za aina nyingine. Huenda zikamtuliza nyonga, ingawa bado tunajifunza. Tutazikuza maabarani, tumchome sindano ya nusu yake. Nusu nyingine tutaigandisha. Isipotosha ya kwanza, tutamchoma tena."

Alipokwisha kumchoma, mwanzoni mwa likizo, alinipa daftari. Kazi yangu ilikuwa kumpeleka Mugi kila siku kwenye ngazi kumi na mbili za hekalu la mtaa, alikozoea kwenda na Babu, nihesabu anapanda ngapi kabla hajaketi, niandike pamoja na hali ya hewa. Siku ya kwanza alipanda mbili, ya pili mbili, ya tatu tatu. Siku ya nne sikwenda. Ya tano pia.

"Mbona unajitesa, Mizuho?" alinicheka Ritsu, jirani yetu. "Mimi shajara yangu ya likizo naijaza yote siku ya mwisho. We weka jua, weka 'vizuri', basi! Kwani nani atasoma?"

Tarehe thelathini na moja mwezi wa nane nilikaa mezani nikajaza kurasa zote. Ngazi nne. Ngazi saba. Jua. Ngazi kumi. Vizuri. Mkono uliniuma, lakini moyo haukuniambia kitu.

Kesho yake Daktari alisoma daftari polepole. Akamtembeza Mugi sakafuni, naye Mugi, kama mbwa wengi wakiwa mbele ya daktari, akajikaza asichechemee.

"Ngazi kumi! Hongera, mzee," Daktari alisema. "Basi zile seli zilizobaki hatuzihitaji tena. Nitaagiza zitupwe."

Bibi alitabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Chini ya meza mguu wa nyuma wa Mugi ulikuwa unatetemeka. Nilimtazama Bibi, nikautazama mguu ule.

"Usizitupe, Daktari," nilisema. "Nimedanganya. Nilihesabu siku tatu tu."

Tabasamu la Bibi likafifia. Daktari akafungua ukurasa mmoja. "Siku hii kulikuwa na kimbunga, nawe umeandika jua. Niliona. Lakini hata mimi nilitaka apone, nikajifanya sikuona." Akalifunga daftari. "Sikiliza, binti. Ukurasa mtupu ungeniambia hatujui, nami ningempima upya. Wewe umeniambia tunajua. Mugi hawezi kusema panapomuuma. Wewe ndiye mdomo wake."

Tulipofika mlangoni kwetu, Bibi alinigeukia. "Na wewe je? Kila nikikuuliza, unaniambia vizuri."

"Sisikii chochote moyoni, Bibi. Hata siku ya mazishi sikulia."

"Mimi nalia nikiosha mchele, ili usinione," alisema. "Haya, leo tumeambizana."

Mugi alichomwa sindano mara ya pili wiki ileile. Nilianza daftari jipya, na sikuruka hata siku moja. Mvua, ngazi mbili. Mawingu, ngazi mbili. Jua, ngazi tatu. Kwa wiki kadhaa hakukuwa na la kufurahisha, nami niliandika hivyo hivyo.

Siku moja mwezi wa kumi, Mugi alipanda mpaka ngazi ya saba, akaketi. Hapo ndipo Babu alipokuwa akiketi kupumzika. Nikaketi pembeni ya Mugi, na machozi yakanitoka, mengi, nisiweze kuyazuia.

Jioni Bibi alisoma ukurasa wangu: "Mvua ndogo. Ngazi saba. Nimelia."

Alinirudishia kwa mikono miwili. "Hili sasa ni daftari, mjukuu wangu. Mwenye kusema kweli ndiye anayeweza kusaidiwa. Mpelekee Daktari."