Kidole cha Sahal Hakizikwi Leo

Kila asubuhi mjini Kibwezi, Sahal hufungua bucha yake, kisha hubishana na baba yake, Mzee Abdijabar. Hao wawili bila ubishi hawajaamka.

"Unashika shoka kwa mkono wa kushoto," mzee alilalamika asubuhi moja. "Siku moja utajikata."

Sahal akageuka kumjibu. Chwa! Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikaanguka kati ya mbavu za mbuzi.

"Woi! Kidole changu!" alilia. "Sasa nitainua nini nikiswali?"

Mkewe, Hodo, alifunga jeraha kwa kitambaa safi na kubana kwa nguvu. Hapo alifanya vizuri. Kisha akaokota kidole, akakimbilia friza.

"Nyama hukaa mwezi mzima humu!" alisema.

"Mume wako si nyama!" mzee alifoka. "Kiungo cha mtu huzikwa."

Akamnyang'anya kidole, akakifunga kwa kitambaa cheupe, akachukua jembe. Nyuma ya bucha akaanza kuchimba kaburi dogo. Wateja wakamfuata, maana mazishi ni mazishi. Mmoja alivua kofia.

Jirani yao, nesi Syokau, alikuwa amekuja kununua matumbo.

"Aiya! Mzee, unazika na mwenyewe bado anapiga kelele? Lete hapa! Kidole kinaweza kushonwa."

"Basi nikiweke kwa friza?" Hodo aliuliza.

"Wacha! Umewahi kugandisha nyanya?"

"Ndio. Ikiyeyuka, inakuwa uji."

"Basi ni hivyo. Mwilini mna maji. Yakiganda, yanapasua nyama ndani kwa ndani. Ukija kukipasha joto, kidole kimeshakufa. Wanasayansi wenyewe wanahangaika kugandisha figo na moyo, kisha kuvipasha joto bila kuviharibu. Wewe utaweza na friza ya matumbo?"

Wateja wakacheka. Hodo naye akacheka huku akilia.

Syokau akatazama kitambaa cha mzee. "Ni safi?"

"Ni kipya kabisa. Nilitaka kukizika kidole kwa heshima."

"Basi nusu ya kazi umefanya, mzee wangu."

Akakilowesha kitambaa kwa maji safi, akakikamua, akakifunga kidole tena. Akakitia ndani ya mfuko safi usiovuja, akaufunga. Mfuko akauweka kwenye ndoo yenye maji na barafu.

"Kidole kisiguse barafu wala maji ya ndoo," alisema. "Kipoe, kisigande. Sahal, inua mkono juu. Twende hospitali sasa hivi. Tukichelewa, kitakufa."

Madaktari walikishona siku hiyohiyo.

Miezi ikapita. Ijumaa moja Sahal aliswali kando ya baba yake. Wakati wa shahada ulipofika, kidole kikainuka. Kilikuwa kimepinda kidogo, lakini kiliinuka. Swala ilipoisha, mzee alikuwa anafuta machozi.

"Ningekizika hiki," alisema. "Mungu anisamehe."

"Yameisha, Baba. Jioni nitalifukia lile shimo."

"Shimo liache," mzee alisema. "Bado unashika shoka kwa kushoto."