Komeo la Ndani

Lori lilinuka kahawa iliyoungua, na ubishi ulianzia hapo.

Swaleh, fundi wa kuchomelea vyuma pale Moshi mjini, alisema ni rangi mpya. Mzee Remigius, mkuu wa zamu wa Mawingu, kampuni binafsi ya zimamoto, alitikisa kichwa. Alitoa kitambaa akajifuta shingo. Nao ulikuwa mwezi wa nne, mvua inanyesha, baridi ya mlimani imeshuka mpaka sokoni. Mtu gani anatoka jasho siku kama hiyo? Swaleh angejiuliza palepale, mengine yasingetokea. Lakini fundi akishaishika kazi, hana habari na uso wa mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kujivunia. Mwaka huo wa tisini na tisa kampuni ilinunua Isuzu kuukuu ya boksi, iliyokuwa ikibeba magodoro, ili igeuzwe gari la msaada, lile linalofuata nyuma ya gari la maji na mipira ya akiba, mitungi ya hewa, taa, jenereta, na benchi la kupumzikia waliochoka. Swaleh alichomelea rafu, akafunga mikanda ya kushikia mitungi, akapaka rangi nyeupe kila mahali. Boksi halikuwa na dirisha. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa nje tu, maana magodoro hayana haja ya kutoka yenyewe. Komeo lake lilikuwa limekatika, basi Swaleh akachukua jingine kwa wauza vyuma chakavu. Lilikuwa pana, zito, limepinda kidogo kwa moto.

Remigius alipoliona alisimama.

"Hili umelitoa wapi?"

"Kwenye chakavu, mzee. Chuma cha zamani hiki, hakina mchezo."

"Haya," akasema.

Haya! Mtu mzima na akili zake, anasema haya, na komeo lile alilijua vizuri kabisa.

Kesho yake mchana walikuwa wamekaa uani kwenye kibaraza, wanakunywa chai, lori limefungwa mbele yao. Kitu kikagonga kutoka ndani. Ngo, ngo, ngo. Kikanyamaza. Kisha tena, ngo, ngo, ngo, taratibu, chini zaidi.

"Mtungi umeanguka," Swaleh akasema, akaenda kufungua.

Mitungi yote ilikuwa kwenye mikanda yake. Ila upande wa ndani wa mlango, juu ya ile rangi nyeupe, kulikuwa na viganja vya masizi. Vingine usawa wa kifua, vingine usawa wa goti.

"Lahaula! Mzee Remi, hebu njoo. Hivi vya chini ni vya nani?"

"Moshi ukizidi mtu hupiga magoti," Remigius akajibu kwa sauti ndogo. "Hewa inabaki chini."

"Moshi gani?"

Remigius akachukua tambara akaanza kufuta. Jioni ile Swaleh alileta ubani kutoka kwa mkewe Mwanajuma, akaufukiza mle ndani huku akisoma alichokumbuka. Moshi wa ubani haukupanda juu. Ulitambaa sakafuni ukaenda kujibana kwenye ufa wa mlango, kama watu wanaosubiri kufunguliwa.

Siku ya tatu, adhuhuri, Remigius alikuwa peke yake uani, anakunja mipira. Alidhani Swaleh ameenda kuswali. Mlango wa lori ulikuwa umefungwa, komeo limelala mahali pake. Kukagongwa.

Hakwenda. Aligongewa mara ya pili, mara ya tatu, akabaki amesimama na mpira mkononi, anajiambia ni yeye, ni yuleyule, usifungue, na ile harufu ya kahawa imejaa uani mpaka anaisikia kooni, na mgongaji sasa hagongi tena bali anapiga kwa mikono miwili, kisha anakwaruza, kisha anakohoa, halafu sauti ikaita, "Mzee Remi! Fungua!" na bado miguu ilikataa, kwa sababu hata mara ile ya kwanza, miaka sita nyuma, jina lililoitwa lilikuwa lake.

Kikohozi kikazimika. Hapo ndipo alipoona ndala za Swaleh chini ya lori.

Alipofungua, fundi alianguka kama gunia. Hapakuwa na moto mle ndani, wala moshi, lakini Swaleh alitema makohozi meusi na masizi yalimjaa puani. Alilala pale mvuani akivuta pumzi. Alipoweza kusema, alisema kwa hasira.

"Nilikuwa nakaza nati za jenereta. Mlango ukajifunga. Umenisikia, mzee. Mbona hukufungua?"

"Nilidhani ni jini."

"Jini anakohoa?"

Remigius akakaa chini kwenye maji, akalia, na hakuficha uso. Akasimulia. Mwaka tisini na tatu ghala la kahawa liliungua Kibosho mchana, yeye akiwa mbele na shoka. Mlango uligongwa kwa ndani. Aliogopa. Aliogopa kwamba akifungua, moto utapata hewa umrukie. Watu walipouliza kama kuna mtu, aliwajibu hakuna mtu, hao ni majini wa ghala. Baadaye ukuta ulianguka, kifusi kikasombwa kwa trekta, na nyuma ya mlango akapatikana Rogath, mpanga magunia, mwenzake aliyepata naye komunyo ya kwanza mwaka mmoja. Jeneza lake Remigius alilibeba mwenyewe.

"Na komeo hili?"

"Ndilo hilo hilo."

Swaleh aliinuka akajikamua shati. Kisha akaenda kuwasha mashine yake ya kuchomelea, akaweka komeo jingine upande wa ndani, la kufungulia lile la nje, usawa wa kifua, pale mkono wa mtu mzima unapofika wenyewe.

"Sasa hakuna atakayefia humu," akasema. "Ila huyu wako haondoki kwa ubani. Huyu ana kwao. Mama yake yupo?"

"Yupo. Kila Jumapili namwamkia."

"Basi kesho unamwambia. La sivyo hili gari nalirudisha kwenye magodoro, na wewe hutalala tena maishani."

Asubuhi walipanda Kibosho na lori, tope limejaa barabarani, ukungu umefunga migomba. Remigius alichuma jani la isale kwenye ua wa kihamba, migomba ya nyumbani, akalifunga fundo. Isale ukiletewa huwezi kukataa kusamehe, ndivyo ilivyo kwa Wachagga. Bibi Theopista, mama yake Rogath, alikuwa anamenya ndizi mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Remi."

Alimpa jani kwa mikono miwili, akasema yote akiwa amepiga magoti. Bibi aliweka kisu chini.

"Miaka sita unaniamkia," akasema. "Miaka sita, Remi!" Akajifuta macho kwa kanga. "Nimepokea. Siwezi kukataa. Lakini aliyekuwa mle ndani si mimi. Mpelekee mwenyewe."

Akamrudishia jani. Remigius akapanda kwenye boksi, akakaa kwenye benchi, akamwomba Swaleh afunge. Swaleh alifunga, mkono wake ukabaki juu ya komeo, anasoma kimoyomoyo.

Ngo, ngo...

Hakungoja la tatu. Alifungua kwa nguvu mpaka mlango ukapiga ubavu wa lori.

Remigius alikuwa palepale kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Jani halikuwepo.

"Komeo la ndani lipo, mzee. Unagonga ya nini?"

"Sijagonga, fundi. Nimekaa tu."

Kitu chenye joto kikapita begani kwa Swaleh, na harufu ya kahawa. Majani ya isale uani yakatikisika, na upepo haukuwepo. Ndani ya nyumba Bibi Theopista akaanza kuongea Kichagga, kwa upole, kama mtu anayempokea mgeni wa mbali, akavuta kigoda cha pili. Remigius alilia tena, safari hii kwa kushukuru. Boksi lilinuka rangi tu.

"Alhamdulillahi," Swaleh akasema, wakapanda mbele, akawasha gari.

Hawajafika barabarani, bibi akatoka mbio, mikono ina utomvu wa ndizi.

"Remi! Subiri! Rogath anauliza, yule mtoto aliyekuwa naye mmemwacha wapi?"

"Yupi, mama? Alikuwa peke yake."

"Anasema walikuwa wawili."

Swaleh akazima injini. Nyuma yao, ndani ya boksi, kukagongwa. Ngo, ngo, ngo, taratibu, usawa wa goti. Kisha mikwaruzo ikapanda mlangoni, ikateleza, ikapanda tena, ikateleza. Komeo la ndani lilikuwa usawa wa kifua, na aliyekuwa akilitafuta hakulifikia.