Mlinzi wa Miezi Mitatu

Jioni ile ya Juni 1994 nilikuwa nikifunga ofisi ya samaki huku Uru, juu ya mji wa Moshi, Hilda alipotokea mlangoni, mkono juu ya tumbo lake la miezi saba. Hilda ni mke wa mdogo wangu, Tito.

"Shemeji, Tito kaenda mtoni tangu saa nane. Hajarudi."

"Mto umefungwa, Hilda."

"Nilimwambia. Akacheka: 'Umefungwa na Basili? Huyo niliyemfundisha mimi kuogelea?'"

Mimi ndiye bwana samaki. Tangu hoteli mpya za Moshi zianze kugombea samaki wetu wa maji baridi, watu walivua hata wenye mayai. Sheria ikaja: samaki mfupi kuliko rula arudishwe majini, na miezi mitatu ya kutaga, Juni hadi Agosti, asiguswe yeyote. Nilipigilia vibao vya bati. Vikaishia kuziba mabanda ya kuku. Ndipo nikaiga wazee: nikafunga fundo la jani la sale, mmea wa mipaka, kando ya kidimbwi cha juu mtoni, kama mtu afungavyo shamba lisiguswe.

Bibi Mektrida, ambaye njia ya mtoni hupita kihambani kwake, kwenye migomba ya nyumbani, alinikuta nikilikaza.

"Umelifunga kwa jina la nani, Basili?"

"La serikali, bibi."

Alicheka hata akashika mgomba. "Serikali ina kaburi wapi, mwanangu? Sale hufungwa kwa jina la babu, ili babu alinde. Wewe umeita bila kutaja." Kicheko kikamtoka usoni. "Atakuja yeyote aliyesikia."

Maneno hayo niliyapuuza, hadi jioni hiyo nilipoteremka bondeni kumtafuta Tito, ukungu ukinitangulia.

Harufu ilinipokea kwanza. Tope bichi... na damu ya samaki.

Kisha ukimya. Maji yalikuwa yakienda. Sauti yake ndiyo haikuwapo.

Juu ya jiwe alikaa mtu, amenipa mgongo. Koti la kaki, kama langu. Kiraka begani, kama changu. Mkononi, rula.

Alimpima samaki. "Mfupi," akanong'ona, akamrudisha majini.

Akampima mwingine. "Mfupi."

Ndipo nikamwona Tito. Amezama hadi kifuani, macho hayapepesi, kinywa kikifunguka na kujifunga... kikifunguka na kujifunga...

Mtu yule akaiweka rula utosini mwa Tito.

"Huyu anatosha."

Nilitaka kumtaja Mungu. Kilichonitoka kinywani kilikuwa sheria.

"Msimu umefungwa," nilisema. "Hachukuliwi mkubwa wala mdogo. Mkewe... mkewe ana mimba."

Rula ikasimama hewani. Hakugeuka.

"Mpaka lini?"

Nami, kwa mazoea ya kazi, nikajibu upesi:

"Mpaka mwisho wa Agosti."

"Vema."

Jiwe likabaki tupu. Mto ukanguruma tena. Nilimkokota Tito hadi nyumbani kwake, naye tangu siku hiyo hajasema neno. Hukaa kando ya pipa la maji, ameinamisha uso.

Kesho yake nililifungua fundo, nikamwendea Bibi Mektrida anisaidie kuomba radhi.

"Tumwombe nani?" aliuliza. Safari hii hakucheka.

Nikaandika barua mjini. Nikaomba msimu uongezwe, nikitoa sababu kwamba samaki bado ni haba, jambo ambalo ni kweli. Jibu limefika leo, tarehe thelathini na moja Agosti: mto ufunguliwe kesho alfajiri.

Nimetoka ofisini moja kwa moja hadi kwa Hilda. Bado yu ndani na mwanawe wa wiki mbili, na Tito yuko palepale kando ya pipa. Nilikusudia kulala mlangoni mwao.

"Asante, shemeji, kwa kumtuma mwenzako," Hilda amesema, akimnyonyesha mtoto.

"Mwenzangu yupi?"

"Yule wa ofisini kwenu. Alisimama hapo dirishani, kaniuliza kama nimeshajifungua. Nikamwambia ndiyo. Akaandika."

"Uso wake ulimwona?"

"Alinipa mgongo. Nilidhani ana haya, kwa kuwa mimi mzazi." Akamvuta mtoto karibu. "Koti lilikuwa likichuruzika maji, shemeji. Na leo haikunyesha."

Ofisini kwetu niko peke yangu.