Mbao za Gogo Moja

Karakana ya ndugu wawili maseremala ilifunguliwa kila siku saa moja kamili, yaani saa mbili. Mkubwa aliitwa Msasa kwa sababu ya ulimi wake. Mdogo aliitwa Futi kwa sababu alipima kila kitu mara tatu, hata chai.

Wiki ile walitengeneza kitanda cha sita kwa sita. Kilikuwa cha harusi. Binti wa Msasa, mpaka rangi wa karakana aliyeitwa Vanishi, angeolewa na Randa, mtoto wa Futi. Vijana walipendana, na wazee walifurahi kuwapita. Karakana isingegawanyika. Wakwe wasingetafutwa mbali. Jambo moja tu lilikuwa halijaamuliwa: Vanishi amwite Futi baba mdogo au baba mkwe?

Asubuhi moja mjumbe wa mtaa akaleta karatasi ya maoni. Bunge lilitaka kujua kama sheria izuie ndoa za mabinamu. Msasa akachomoa penseli sikioni, akaandika HAPANA kwa herufi za kutosha bango la duka. Futi akapima nafasi iliyobaki, akaona haimtoshi.

Jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuwa amefuata stuli yake, ambayo kwa maneno ilikuwa tayari tangu mwezi uliopita. Akauliza sababu ya HAPANA ile.

"Mbao za gogo moja hazigombani, jirani," Msasa alisema. "Rangi moja, mkao mmoja."

"Na gogo likiwa na bungua?"

Bungua Msasa alimjua. Mdudu yule hula mbao kwa ndani, na kwa nje usione kitu.

Muuguzi akaomba kipande cha plaiwudi, akawaambia wachore ukoo wao. Futi alichora kwa rula. Babu na bibi juu, watoto chini yao, wajukuu chini zaidi. Chini ya jina moja kati ya watoto hapakuwa na mstari.

"Huyu ni nani?" Vanishi aliuliza.

Alikuwa dada yao Msasa na Futi. Alikufa akiwa na miaka sita, baada ya kulia kila mara kwa maumivu ya mifupa. Wageni waliambiwa ni homa.

"Baba, sijawahi kusikia habari zake."

"Hukuuliza."

"Ningemuuliziaje mtu nisiyemjua?"

Muuguzi alieleza taratibu kwamba huenda ulikuwa ugonjwa wa selimundu, ambao hurithiwa. Mtu anaweza kubeba chembe yake akawa mzima kabisa. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Wasio ndugu nao hupatwa, lakini ndugu wa karibu wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba kitu kilekile. Hakuna aliyerogwa. Dawa ya kuanzia ni kupima damu.

"Basi sheria ikataze," Futi alisema, kwa mara ya kwanza bila kupima.

Muuguzi alisema nchi nyingine hukataza na nyingine huruhusu. Ikikatazwa tu, wengine wataoana kwa siri na hawatapima. Sheria ikinyamaza kabisa, wengi hawatapima vilevile.

Vanishi na Randa walipima. Wote wawili walikuwa wabebaji.

Siku ile Randa alipiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba kama rula. Vanishi aliketi karibu naye na hakumzuia. Jioni walikwenda pamoja kwa wazee.

"Hatuoani," Vanishi alisema. "Tungekuwa tunacheza kamari kwa mifupa ya mtoto."

Msasa alifungua mdomo, na safari hiyo ulimi wake haukukwaruza mtu. Kesho yake alikata kitanda katikati. Vikatoka vitanda viwili vya tatu kwa sita.

Vanishi akafuta HAPANA, akaandika: "Wachumba wapimwe kwanza. Wazee waseme nani alikufa, na kwa nini. Kisha wachumba waamue wenyewe."

Baada ya miaka miwili aliolewa na fundi wa redio, aliyepimwa kabla hata ya kukaribishwa chai. Hakuwa mbebaji. Mtoto wao analia usiku, lakini kwa njaa tu. Randa naye amechumbia, na majibu ya damu ameyaweka mfukoni.

Plaiwudi ile imetundikwa ukutani mwa karakana. Vanishi aliipaka vanishi mikono mitatu, jina la shangazi yake lisifutike. Mistari miwili mipya inatoka pembeni mwa majina ya Vanishi na Randa, kila mmoja upande wake. Chini yake nafasi imebaki kubwa. Futi ameipima.